Sale Kati ya Gemu na Filamu

Nampenda kaka yangu, lakini ni mtu wa taabu. Ukimwagia chai kompyuta yake atakusamehe. Hadithi ikiruka kipande, ng'o. Krismasi ile alipanda kwetu Kibosho kutoka Moshi mjini na flashi yenye filamu zote zilizotokana na lile gemu lake la dunia iliyokwisha. Gemu lenyewe nalijua, maana miaka mingi nimelala nikilisikia ukutani: miji imeota nyasi, watu wamebaki wachache, na ndugu wawili wanatembea kutafuta maji. Mwisho wake wanagombana, kila mmoja anashika njia yake.

Kusema kweli, nyumbani kwetu nako hakukuwa shwari. Tangu kaka akate mibuni aliyoiacha babu na kupanda maparachichi bila kumuuliza mtu, baba alikuwa haongei naye. "Shikamoo baba", "marahaba", basi, imetoka hiyo. Kaka akija, mama anapika chakula cha wote, wao wanakula kwa zamu. Mimi niliogopa kwamba Krismasi ijayo kaka hatapanda tena.

Jioni tukaweka filamu sebuleni. Baba alikaa kwenye kiti chake karibu na mlango, akijifanya anasikiliza redio. Ya kwanza ikaenda sawasawa na gemu, kaka akawa anatabasamu kama bwana harusi. Ya pili inaanza, wale ndugu wanakula viazi kwenye sufuria moja, wanacheka.

Kaka akaisimamisha. "Hii haiwezekani. Kwenye gemu walishaachana. Nani kawapatanisha? Lini? Wameruka hapa."

"Hawajaruka," mama akasema, huku akiendelea kumenya ndizi. "Wagombanao ndio wapatanao. Mmoja alimpelekea mwenzake sale, yakaisha. Kila kitu mpaka uonyeshwe?"

Nikacheka mpaka nikapaliwa. Ughaibuni huko, tena dunia imekwisha, masale wameyatoa wapi? Kwetu sale ni lile jani refu la mpakani mwa kihamba, shamba la ukoo. Ukimkosea mtu unampelekea, naye hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Ila mama hakucheka, na redio ya baba nikasikia imezimwa. Kaka akaendelea kuwalaumu waandishi wavivu, lakini sauti ilikuwa imeshapungua.

Asubuhi nilikuwa nakamua ng'ombe nikamwona kaka anatoka mpakani, suruali imelowa umande, jani mkononi. Akaenda moja kwa moja kwa baba, aliyekuwa anapalilia migomba. Akamwamkia, akamnyooshea lile jani kwa mikono miwili. Kosa nililiona pale pale: jani lilikuwa limenyooka. Sale la kuomba msamaha hufungwa fundo, na yeye utoto wake wote ulipita kwenye skrini, angejulia wapi?

Baba akalipokea, akaligeuza huku na huku. Akaweka jembe chini. Vidole vyake vinene vikalikunja taratibu, vikafunga fundo, vikalikaza. Kisha akamrudishia.

"Linafungwa hivi," akasema. "Haya, nipe tena."