Jembe Kwenye Buti

Mama yangu alikuwa na jicho moja tu la kutegemea, na hilo nalo likaingia mtoto wa jicho. La kushoto lilikufa zamani, mimi nikiwa bado shule ya msingi. Daktari wa macho aliyekuja kupima watu pale usharikani kwetu, juu ya Tengeru, alilimulika lile la kulia akasema upasuaji wenyewe ni mdogo, ila ufanyike mjini na tusichelewe, maana likikomaa sana kazi itakuwa ngumu. Mama akamjibu kwa adabu zote kwamba amesikia. Tulipotoka nje akaniambia kwamba watoto wake wote wamehama nyumbani, huyu wa jicho ndiye pekee aliyebaki kukaa naye, sasa mimi namfukuza kwa kosa gani.

Basi zikaanza sababu. Mara kahawa inachumwa, mara ng'ombe anakaribia kuzaa. Mara mchungaji yuko likizo, na hawezi kupasuliwa mchungaji akiwa hayupo, kana kwamba mchungaji ndiye atakayeshika kisu. Mimi nikawa nasubiri kila sababu iishe, maana najua hata ng'ombe hana mimba ya milele. Zilipokwisha zote ikabaki moja, na hiyo ilikuwa gari langu.

"Likituharibikia njiani," alisema, "na mimi sioni, itakuwaje?"

Swali lilikuwa na haki yake. Masika yaliyopita tulikwama kwenye mteremko wa kwetu, vijana wakaja kusukuma, kila mmoja anatoa amri yake, na mama yuko ndani hajui kama gari linapanda au linaelekea korongoni. Aliimba mapambio mpaka tulipotoka. Mimi nami ni mtu wa hasira za karibu na sipendi swali likae bila jibu, tabia niliyorithi kwake, ingawa yeye anasema nimeitoa upande wa baba.

Nikaamua kumjibu kwa vitendo. Nilifungua simu nikamtafuta mtu wa kunifundisha, nikampata bwana mmoja wa nchi ya theluji anayeonyesha vitu vya dharura vya kuweka kwenye gari. Alikuwa na sepetu ya kukwangulia theluji, blanketi linalong'aa kama karatasi ya kufungia nyama choma, mishumaa na filimbi. Theluji sisi tunaiona kwa mbali, siku Kilimanjaro ikijisikia kufunua uso, kwa hiyo sepetu nikaibadilisha kuwa jembe dogo la kukunja kwa ajili ya matope yetu. Mengine nilinunua kama alivyosema. Muuza spea alinitazama nikibeba kamba ya kukokotea, nyaya za kushtulia betri, kizima moto kipya na nyundo ya kuvunjia kioo.

"Dada unapandisha Serengeti?"

"Nakwenda Tengeru."

Akanihesabia chenji kwa huruma.

Tatizo la kuishi Arusha ni kwamba mwanamume mmoja kati ya wawili amewahi kuendesha watalii, na huyo hawezi kuona buti liko wazi akapita. Jirani yangu wa Kijenge alisimama nyuma ya gari langu, mikono kiunoni, akakagua. Akaniambia maji hayatoshi. Akaniuliza nikikwama porini usiku simba wakaja nitafanyaje. Nikamwambia kati ya Kijenge na kwa mama simba pekee ni wa kwenye pakiti ya kiberiti. Hakucheka. Alikwenda kwake akarudi na jeki ya gari la watalii, kubwa kiasi kwamba tulipoiweka, gari langu likainama nyuma kama mbuzi anayetaka kukaa.

Jumamosi nikapanda kwa mama na mzigo wangu. Nilitandaza turubai uwanjani, nikamkalisha kwenye kigoda, nikamwekea kila kitu mbele ya mikono yake. Nilikuwa na fahari. Nilijiona nimemaliza ubishi.

Akaanza kupapasa.

"Hiki?"

"Jembe, mama. Dogo, linakunjwa."

"La nini?"

"Gari likizama kwenye matope."

"Kwa hiyo litazama."

"Likizama, mama."

"Mtu hanunui jembe kwa ajili ya 'likizama'. Na hili kopo zito?"

"La kuzimia moto."

Akalirudisha chini polepole, kama mtu anayeweka yai. "Litaungua pia."

Nyundo aliigeuza geuza. Nikamweleza kwamba ni ya kuvunjia kioo endapo milango itagoma kufunguka. Akauliza kama tutakuwa ndani. Nikasema ndiyo, tutakuwa ndani. Hapo nikaanza kuona ninakopelekwa. Filimbi tu ndiyo iliyompendeza. Aliipuliza mara moja, kuku wakatawanyika, akasema angalau tukifa watu watajua mechi imekwisha.

"Tahadhari kabla ya hatari, mama," nikasema.

"Ajali haina kinga, mwanangu. Kumbe hata wewe mwenyewe huliamini gari lako. Mtu anayekwenda harusini habebi sanda."

Nikapandisha hasira. Nilimwambia basi akae na huyo mtoto wake wa jicho, amlee mpaka aote ndevu. Yeye akacheka. Mimi nilikusanya vitu vyangu nikavitupa kwenye buti kwa kishindo, nikashuka mlima bila hata kunywa chai, jambo ambalo kwetu ni sawa na tusi. Njiani nikawa naogopa. Nilimwona akilini amekaa kwenye kigoda kile kile, giza tupu, anawajua watu kwa sauti zao tu, mimi nikiwa mmoja wa hizo sauti.

Halafu wiki iliyofuata akapiga simu mwenyewe. "Njoo Jumanne unipeleke," alisema. "Lakini lile jembe sitaki kulisikia." Nilidhani nimeshinda. Sikuuliza kimembadilisha nini, maana ukishinda ubishi na mama yangu huulizi, unakimbia na ushindi wako.

Jumanne nilimkuta amevaa, kitambaa kichwani, mkungu wa ndizi wa daktari uko mlangoni, kwa sababu mtu haendi mikono mitupu hata kwa anayekwenda kumkata. Vitu vyangu vya dharura vilikuwa bado kwenye buti. Nikavifunika kwa turubai, juu nikalaza ndizi. Hakuuliza, nami sikusema. Alikuwa na mkoba mmoja mweusi ambao aliukumbatia mapajani njia nzima. Nilipotaka kumwekea kwenye kiti cha nyuma akanipiga kofi la mkononi.

Hospitalini tulikaa kwenye benchi. Nesi alipoita jina lake, mama hakuinuka.

"Nenda kawaambie nitakuja siku nyingine," akasema.

"Mama."

"Waambie kifua kinanibana."

Nesi, ambaye bila shaka ameshaona wengi, akasema hakuna haraka, bibi apumzike kidogo, ila nimwandalie khanga ya kubadilisha. Nikauchukua mkoba. Mama alichelewa kuushika, nikawa nimeshaufungua.

Juu kulikuwa na gauni jeupe, limepigwa pasi mikunjo ikasimama. Chini yake kitenge cha akina mama wa usharika, soksi nyeupe mpya, kitabu cha nyimbo kilichokunjwa kurasa mbili tatu, na kadi yake ya usharika, ahadi zote zimelipwa ili mchungaji asipate cha kusema siku ya kuzika. Halafu picha kwenye fremu, ile saizi inayobebwa mbele ya jeneza pamoja na msalaba. Nilitafuta khanga mpaka chini kabisa ya mkoba. Hakukuwa na kitu hata kimoja cha kuvaa mtu anayerudi nyumbani.

"Mama, hivi ni nini?"

"Vya dharura," akasema. "Wewe si una vyako chini ya ndizi? Jembe lilikuwa linagonga kwenye kila shimo."

Nililia pale pale kwenye benchi, watu wananitazama. Nilikuwa na huzuni, na aibu pia, kwa sababu muda wote ule nilihangaika na gari wakati mama yangu alikuwa anaogopa kufa, na asingelisema hilo hata kwa fimbo. Yeye akanipapasa akalipata goti langu, akalipigapiga, akaniambia nyimbo amezichagua mwenyewe, nisiwaachie kwaya ya vijana waharibu.

Nikajifuta macho ili niitazame ile picha vizuri. Nikaitazama. Nikaigeuza kwenye mwanga wa dirisha nikaitazama tena.

"Mama," nikasema, "hii picha umeitoa wapi?"

"Ukutani. Ile niliyopigwa kwenye sherehe ya kanisa."

"Huyu si wewe. Huyu ni shangazi."

Shangazi yangu, dada yake baba, ameolewa Oldonyo Sambu na yuko hai, mzima kuliko sisi sote. Yeye na mama wameshindana tangu siku mama alipoletwa pale kama bi harusi: nani anapika loshoro, yale mahindi ya maziwa mgando, ikakubali, nani ng'ombe wake anatoa maziwa mengi, nani mtoto wake kaanza kutembea kwanza. Siku ya ile sherehe walipiga picha kwa mpiga picha mmoja, wamevaa kitenge kimoja, wakawekewa fremu za aina moja, na baba, Mungu amrehemu, akazitundika ubavu kwa ubavu akidhani analeta amani.

Mama alinyoosha mkono akakipapasa kioo cha picha, kana kwamba pua ya wifi yake angeijua kwa kidole.

"Una hakika?"

"Ana lile pengo la mbele."

"Mungu wangu." Sasa alikuwa ameketi wima. "Yaani mimi nazikwa, halafu mbele wamembeba yule?"

"Tungeona, mama. Tungebadilisha."

"Nyinyi mngekuwa mnalia, mngeona nini? Na yeye angekuwepo! Angejiona! Angesimulia Oldonyo Sambu yote kwamba hata msiba wangu watu walikuja kumtazama yeye!"

Nilianza kucheka, nikawa nacheka na kulia kwa pamoja, na kikohozi juu. Mama hakucheka hata kidogo. Alisimama, akatafuta ukuta kwa mkono, akasema kwa sauti ya kusikika korido nzima:

"Nesi yuko wapi? Nimeshapumzika."

Walimpasua akiwa macho, kwa ganzi. Daktari aliniambia baadaye kwamba alilazimika kumwomba aache kuimba, maana alikuwa anatikisa kichwa kwenye viitikio. Kesho yake asubuhi wakamfungua bendeji. Alipepesa, akatokwa na machozi, akamtazama nesi, akanitazama mimi, muda mrefu kidogo kuliko nilivyoweza kuvumilia, halafu akaomba apewe picha.

"Ni yeye," alisema. "Na kitenge chake kimepauka."

Nguo zangu alikataa kuzivaa, akasema zinabana na zinaonyesha magoti, na aliyokuja nayo ilimwagikiwa na dawa. Akavaa lile gauni jeupe. Hivyo ndivyo nilivyomrudisha mama yangu nyumbani, ndani ya nguo yake ya kuzikiwa na miwani myeusi ya hospitali, amekaa kiti cha mbele, anasoma kwa sauti kila kibao tunachokipita.

Tulipata pancha baada ya kuiacha barabara ya lami, kwenye njia ya kupandia kwetu. Nilizima gari nikasubiri kusikia kuhusu majembe na sanda. Aliteremka, akanifuata nyuma, akanitazama nikifungua buti, akajaribu kuinua jeki ya jirani kwa mikono miwili, ikamshinda.

"Una vitu vizuri," akasema. "Mbona hukuniambia ni vizuri hivi?"

Ilikuwa siku ya soko la Tengeru, na akina mama walikuwa wanapanda na mizigo yao. Nilimwambia arudi ndani, daktari kakataza vumbi. Akasema vumbi analijua, limemkuta hapa hapa. Akasimama kando ya njia, gauni linang'aa juani, na kila aliyepita akasimamishwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sogea. Sogea nikuone. Wewe ni wa yule mwenye mashine ya kusaga? Umenenepa! Nani alikuwa anakuficha?"

Mwingine akaambiwa amefanana na bibi yake mpaka kwenye nyusi. Mwendesha bodaboda akaambiwa akanyoe. Mwanamke mmoja wa rika lake alitua ndoo ya maparachichi, wakashikana mikono, wakatazamana, halafu mama akamwambia, "Tumezeeka, mwenzangu," kwa furaha ambayo sijawahi kuisikia ikitumika kwenye maneno hayo.

Wanaume wawili walikuja kunisaidia. Mama akawaambia waniache, nafahamu ninachofanya. Na kweli nilikuwa nafahamu, hata nikashangaa. Tairi la spea lilikaa, nikafunga nati, nikashusha jeki, nikazikaza kwa spana nikisimama juu yake kwa mguu. Nilijifuta mikono nikageuka kumwita tuondoke.

Alikuwa ameinua ile miwani kidogo, anaangalia watu wengine wanaopandisha kutoka kwenye kona, bado wako mbali, anajaribu kuwajua kabla hawajafika.

Nikainama tena kwenye gurudumu. Nikachukua spana, nikaanza kuzikaza nati upya, moja moja.