Kiraka cha Buluu Pale Shoo

"Hii nguo nilishaizika."

Maneno hayo niliambiwa na mwanamke nisiyemjua, ndani ya hema la ushonaji kwenye shoo ya kilimo ya Kakamega, watu wakilamba aiskrimu. Alikuwa ameshika kiraka kimoja cha blanketi langu na hakutaka kukiachilia.

Wacha nirudi nyuma kidogo, msije mkadhani nimechanganyikiwa. Ingawa nilikuwa karibu.

Mimi ni Teresa, wa huku Malinya. Kijana wangu Andati alikuwa anachimba dhahabu. Si kwa kampuni, ni yale mashimo ya vijana, kamba na tochi tu.

Mvua ikanyesha, shimo likaporomoka na wanne ndani. Watatu wakatolewa wakiwa wamekufa, tope mwili mzima, kila mmoja akatambuliwa na watu wake.

Wangu hakuonekana.

Walichimba mpaka kuta zikaanza kuanguka tena, wakaacha. Mimi sikuacha. Kila asubuhi nilienda kuita jina lake juu ya lile tope, mpaka majirani wakaanza kunikwepa njiani.

Halafu nikachukua nguo zake zote nikazikata.

Usiniulize kwa nini. Mikono ilikataa kutulia, na kazi inayoijua ni moja: kushona mablanketi ya viraka ninayouza soko la Lubao. Suruali ya shule, jezi, koti la kanisani, vyote nikaviunganisha. Katikati nikaweka kitambaa cha buluu chenye maua ya njano, masalio ya shati nililomshonea mwenyewe. Shati lenyewe alishuka nalo shimoni.

Basi akaja shemeji yangu Osiako, mkubwa wa boma tangu mume wangu afariki.

Kwetu, mwili ukikosekana, hukatwa shina la mgomba, likavishwa nguo za marehemu, likazikwa kwenye jeneza. Bila hivyo, kila ugonjwa ukiingia bomani anasingiziwa yeye.

"Mama Andati, Ijumaa tunazika. Leta nguo za kijana."

"Zimeisha, shemeji."

"Zimeisha zikaenda wapi?"

Nikamwonyesha blanketi. Akaliangalia kama mtu aliyewekewa obusuma, ugali wetu, bila mboga.

"Basi tutafunga mgomba na hiyo blanketi."

Alipoondoka, akaingia Cindy, jirani ninayeshona naye kwenye kikundi cha kanisa.

"Teresa, hii peleka shoo."

"Cindy, mimi natafuta zawadi saa hii? Majaji wataona mishono imepinda." Na imepinda kweli, nilishona nikilia.

"Achana na zawadi. Pale watu wanapiganga picha wanaposti. Kama Andati alitoka kwa hiyo shimo akapotea akili, kama ako mahali, ataona nguo zake."

Uongo mtamu. Nilijua ni uongo, na nikaumeza wote.

Shida ni kwamba kitu kikishaingia kwa majaji hakitoki mpaka shoo ifungwe Jumamosi. Ni shoo au ni mgomba. Osiako aliposikia hakupaza hata sauti.

"Ukipeleka hiyo kitu, usirudi hapa. Lala hukohuko na majaji wako."

Nilikaa na lile blanketi mapajani, chakula kikapoa. Nikilizika, nimekubali mtoto amekufa. Nikilipeleka, sina boma. Niliomba Mungu anionyeshe, Mungu akanyamaza. Mwishowe nilijiuliza ni kipi nitajutia zaidi, nikalikunja, nikasimamisha boda.

Jaji alikuwa mama mmoja mwenye miwani. Akapindua upande wa nyuma, akavuta uzi, akasema, "Kona hazijakutana." Akapita.

Hata utepe wa kushiriki sikupata. Nimefukuzwa nyumbani kwa ajili ya kona. Nilicheka peke yangu, kicheko kibaya.

Siku ya pili yake ndipo akaja yule mwanamke.

Akajitambulisha. Mama Elvis, wa Shinyalu. Jina la Elvis nililijua, alikuwa mmoja wa wale watatu waliotolewa.

"Mlimzika na shati ya kitambaa hiki?" nikamuuliza.

"Ndiyo hiyo alitolewa nayo."

"Basi walibadilishana na Andati wangu. Vijana wa shimo wanabadilishananga nguo." Nilikuwa namsihi akubali.

"Hawakubadilishana, dada."

Akakaa chini kwenye nyasi.

"Uso ulikuwa umeharibika. Lakini Elvis wangu alikatwa kidole na jembe akiwa mdogo. Mimi nilishika ile mikono yote. Vidole vilikuwa kumi."

Nikaelewa polepole, kama mtu anayeamshwa.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukazika?"

"Wazee walisema kama si huyu, tunakata mgomba. Sikuweza kuzika mti. Nikasema ndiye. Jana nikaona picha ya hii blanketi kwa simu, nikajua mwenye mtoto bado anamtafuta."

Niliinua mkono nimpige. Nasema ukweli. Muda wote ule naita jina kwenye tope, mwanangu amelala Shinyalu chini ya jina la mwingine, na mtu anajua.

Lakini alikuwa ameinamisha kichwa, akingoja kofi. Hakuomba msamaha wala hakujikinga. Mkono ukashuka ukamshika bega.

Tukalia pamoja mpaka mlinzi wa hema akaja kuuliza kama tumeibiwa.

Koo mbili zilikaa, kaburi likafunguliwa kwa utaratibu, na sasa mwanangu amelala kwao Malinya. Osiako mwenyewe ndiye aliyekuja kunichukua kwa Cindy, nilikokuwa nimehifadhiwa. Hakusema pole, alibeba tu mzigo wangu akatangulia.

Mama Elvis sasa hana kaburi, wake bado yuko chini ya lile tope. Kwao wengi hawamsemeshi. Mimi nikienda kumwona, watu wananiuliza kama nina akili timamu.

Ndugu yangu unayesoma, funzo langu ni hili. Aliyekukosea kwa sababu ya uchungu, kabla hujamhukumu, tazama alikuwa anakimbia nini. Mimi na yeye tulikuwa tunakimbia mgomba uleule. Angetolewa Elvis akiwa na uso ulioharibika, nikapelekwa mimi kumtambua, ningeshika ile mikono, nihesabu vidole tisa, na niseme ni Andati.