Siku Mbegu Ilipoingia Chunguni

Siku ile niliporudi kutoka Mtera nikakuta nyumba yetu haina mtu, mwanangu, naikumbuka kuliko ninavyoikumbuka jana. Mlango ulikuwa wazi. Jikoni moto ulikuwa bado unafuka, na chungu kimekombwa mpaka chini. Gauni la mdogo wetu wa mwisho lilikuwa limeanguka kizingitini, limetandazika kama vile aliyelivaa ameyeyukia humo ndani.

Wewe uliyekuja hapa Chang'ombe Jumapili iliyopita, ukakaa kwenye kile kiti changu kibovu na kuniambia, "Mama mkubwa, sirudi chuo," ulidhani nilinyamaza kwa hasira. Sikukasirika. Nilishtuka. Ulisema kuna watumishi kwenye simu wamepiga hesabu, na unyakuo ni kabla hamjamaliza mitihani. Ukasema godoro na kompyuta yako umeshawagawia wenzako kule chuoni Chimwaga, kwa sababu mwenye kushika vitu hajaamini. Neno hilo la mwisho nililisikia kabla hujazaliwa, na nililisikia kwenye kinywa cha mama yako. Nimemwomba mwenyewe, Sechelela, ruhusa nikuandikie habari hii. Amenijibu, "Mwandikie, dada. Mimi nikianza kuisimulia sauti inakatika."

Mimi shule niliiacha darasa la tano, mwaka aliofariki mama. Baba alikuwa ametangulia. Nikabaki na wadogo zangu watatu, na mama yako ndiye aliyekuwa akinifuata. Kwa hiyo sikuandikii kama mtu wa vitabu. Nakuandikia kama mtu aliyezoea kugawa ugali kwa watoto huku akiyaepuka macho yao.

Mama alituachia vitu vichache, na kikubwa kilikuwa kilindo cha mbegu. Ninyi wa siku hizi huenda hamkijui. Ni chombo cha gome la mti, na chetu kilikaa juu darini, jikoni, ambapo moshi unafukuza wadudu. Ndani yake mlikuwa na uwele ambao mama aliuchagua mwenyewe, suke kwa suke. Kwetu Ugogoni njaa ikibisha hodi watu huuza mbuzi, huchimba mizizi, hula mlenda mtupu, lakini mbegu haiguswi. Ukisikia nyumba fulani wamekula mbegu, huulizi kama wana njaa. Unajua wamekata tamaa.

Mwaka ule wa safari ya Mtera mvua zilichelewa, akaja kijijini mhubiri mgeni mwenye sauti nzuri. Alifundisha kwamba Bwana atawanyakua walio wake kabla ya dhiki kuu, na kwamba jambo hilo ni la msimu uleule, uwele usingefika kutoa masuke. Kanisa letu dogo likapasuka katikati. Upande mmoja walikaa wa Kabla, nao walikuwa wengi. Upande wa pili walikaa wa Baada, wachache, na mkubwa wao alikuwa mzee wa kanisa aliyeitwa Yeremia. Mzee Yeremia alishikilia kwamba waumini watapita kwanza kwenye dhiki, ndipo Bwana aje. Kwa ajili ya dhiki hiyo alikuwa anajaza ghala lake mwaka hadi mwaka.

Mwanzoni ulikuwa utani wa kisimani. "Nyie wa Baada, tukishapaa mtatupungia mkono."

"Paeni tu, ila masufuria mtuachie."

Baadaye utani ukaisha, watu wakaacha hata kuombana chumvi. Hata mke wa Mzee Yeremia alikuwa wa Kabla, na ilisemekana ndani ya nyumba ile waliombea chakula mara mbili, kila mmoja kivyake. Mimi nilipoulizwa niko wapi, nilijibu kwamba mimi ni wa Leo Watakula Nini. Walicheka, lakini nilikuwa nasema kweli. Ndiyo maana niliungana na akina mama waliokwenda bwawani Mtera kuchukua samaki wakavu, ili nije kubadilishana na mahindi. Sechelela nilimwachia unga, chumvi na fimbo ya mbuzi.

Basi nikarudi, nikakuta ukimya ule. Nilikwenda nyumba ya jirani, hamna mtu. Nyumba ya pili, kuku wameingia hadi chumbani, hamna mtu. Mbuzi walikuwa wanazurura hawana mchungaji. Hapakusikika hata kilio cha mtoto. Nikajiambia, imekuwa. Parapanda imelia, mimi niko kwenye samaki.

Mwanangu, sijawahi kushtuka kama siku ile, hata siku ya kumzika mama, maana siku ya mama nilibaki na watatu. Nikawaita kwa majina, mmoja mmoja. Kisha nikaokota lile gauni, nikakaa nalo chini mlangoni.

Akatokea Mzee Yeremia, anakokota ndama kwa kamba.

"Shikamoo," nikamwamkia, maana hata dunia ikiisha mzee huamkiwa.

"Marahaba. Mbona umekaa kama mfiwa?"

"Mzee, wamenyakuliwa. Tumeachwa mimi na wewe."

Alinitazama, akamtazama ndama, akanitazama tena. "Mke wangu hawezi kwenda mbinguni bila kunisema kwanza kuhusu huyu ndama. Wako kilimani. Walipita hapa asubuhi na nguo nyeupe, wanaimba. Wamemfuata Bwana hukohuko juu, wakati wahenga walishatuambia, aliye juu mngoje chini."

Nikacheka huku nalia. Nikanyanyuka, nikaingia ndani kuwatua samaki, na ndipo nikainua macho darini. Kilindo kilikuwa kimelala ubavu, kifuniko pembeni. Nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Hamna hata punje. Nikageuka nikakitazama tena kile chungu kilichokombwa, na safari hii nikakielewa.

Kilima nilikipanda kwa miguu ya safari, sikuhisi miiba. Nikawakuta wamekaa makundi makundi, weupe kama kundi la yangeyange. Sechelela alikuwa amempakata Nyemo, yule mdogo wetu wa mwisho, aliyefungwa shuka jeupe badala ya gauni, na wa katikati amekaa kando yao. Aliponiona uso wake uling'aa.

"Dada, umewahi. Tuliogopa utachelewa."

"Sechelela, mbegu ya mama iko wapi?"

"Tumepika uji. Kila nyumba imepika ya kwao. Mhubiri alisema mwenye kushika mbegu hajaamini. Wako nilikubakizia, ila Nyemo ameumwaga."

Aliyasema hayo bila woga wowote, kama mtoto anayeeleza kwamba amefagia uwanja na kuteka maji. Nami nikanyanyua mkono nimpige. Kabla sijaushusha, tone likaniangukia kwenye kiganja. Likafuata jingine, kubwa, la baridi. Watu wakasimama wote, wakanyoosha mikono juu, wengine wanaita jina la Bwana kwa sauti za furaha. Mbingu ilikuwa imefunguka kweli, na kilichoshuka kilikuwa mvua.

Ile harufu ya udongo unaolowa kwa mara ya kwanza ikatupanda puani. Kila mkulima anajua harufu ile inaagiza nini. Inaagiza mbegu. Na kilima kizima hapakuwa na mtu mwenye mbegu. Mikono ilishuka polepole, mmoja baada ya mwingine. Nguo nyeupe ziliwaganda watu mwilini. Mhubiri aliendelea kuimba peke yake kwa kitambo, halafu naye akashusha mikono.

Niliteremka na wadogo zangu moja kwa moja mpaka kwa Mzee Yeremia. Nikapiga magoti mlangoni, nikaomba mbegu.

"Siwezi, binti yangu," akasema, na hakunitazama usoni. "Hii ni akiba ya dhiki kuu. Nikiigawa leo, siku hiyo ikifika nitashika nini?"

Nikamgeukia mama yako nikamwambia, "Umetuua."

Hapo mzee akashtuka. Akatoka nje kwenye mvua, akasimama kati yangu na Sechelela.

"Neno hilo usimwambie mtoto. Ulipokwenda Mtera ulimwachia nini?"

"Unga, chumvi na fimbo ya mbuzi."

"Na neno?"

"Neno gani, mzee?"

"Hata moja. Mama yenu alikukalisha wewe akakuambia mbegu ni nini. Huyu nani alimkalisha? Umemwachia nyumba tupu kichwani mwake. Amepita mwenye neno lake, ameingia, amekaa. Sasa unashangaa nini?"

Nikainamisha kichwa. Hakuna kofi la mama lililowahi kuniuma kama swali lile. Na mzee mwenyewe alipomaliza kusema hakurudi ndani. Alikuwa anamtazama Nyemo, aliyekuwa anatetemeka meno yakigongana, maana gauni lake lilikuwa bado liko mkononi mwangu.

"Nami nimekosea hesabu," akasema taratibu, kama anayezungumza peke yake. "Miaka yote hii naingojea dhiki ije na pembe, ije na chapa ya yule mnyama wa Ufunuo. Kumbe inakuja na mtoto aliyelowa mlangoni kwangu."

Akafungua ghala. Jua halijatua alikuwa anapimia kila nyumba kwa kibuyu, bila kuuliza nani ni wa Kabla na nani ni wa Baada. Mke wake, bado na nguo yake nyeupe, ndiye aliyekuwa ameshika ungo. "Sogea kidogo, malaika," mzee alimwambia, "usimwage." Yule mama akacheka, na tangu mhubiri aje ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kusikia wawili wale wakicheka pamoja.

Kesho yake kijiji kizima kilipanda na zile nguo nyeupe, maana nyingine walishazigawa. Mpaka mchana zilikuwa zimekuwa nyekundu kwa udongo. Mama yako alifukia kila shimo kwa unyayo wake, na kila alipofukia midomo ilicheza. Sikumuuliza anasema nini. Mavuno hayakuwa ya kujisifia, lakini tulikula, na kilindo kilirudi darini. Mhubiri hatukumwona tena. Simlaani. Pengine aliamini kuliko sisi sote, na mvua ile ilimshtua kuliko wote.

Sasa nisikilize, mwanangu. Mimi bado namngoja Bwana. Usije ukadhani ninakuandikia ili nikuvunje imani. Imani ndiyo iliyonisimamisha nilipokuwa sina baba wala mama. Kama atakuja kabla ya dhiki, au katikati, au baada, waliosoma bado wanabishana, na waendelee. Maandiko yanasema siku ile na saa ile hakuna aijuaye. Anayekuambia anaijua, muulize amepewa na nani. Lakini hata huyo usimtukane. Wewe tu usiipeleke mbegu yako kwenye chungu chake.

Na mbegu yako ni ipi? Ni huko kusoma kwako. Si mali yako peke yako, kama kile kilindo kisivyokuwa cha Sechelela peke yake. Nyuma yako kuna wadogo zako wanaokuangalia jinsi wewe unavyoangalia simu. Imani inayokuambia uache kazi uliyopewa, uwaache na njaa wanaokutegemea, ichunguze vizuri. Na ile inayokuambia ulifunge ghala usubiri dhiki ya mbali, wakati jirani anatetemeka mlangoni, nayo ichunguze. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wako, mkeka wako mkuukuu wa kuombea, ni kazi yako ya kila siku. Piga magoti hapohapo.

Kesho rudi Chimwaga. Nenda kwa hao uliowagawia, waombe kwa adabu wakurudishie godoro na kompyuta. Ukiona aibu kumbuka watu waliopanda uwele na nguo za kupaa. Fanya mitihani yako. Bwana akikukuta katikati ya swali, weka kalamu chini umfuate. Asipokuja, maliza swali.

Kosa jingine ni langu, na halihitaji Mzee Yeremia afufuke aje kunionyesha. Ulipokwenda chuo nilikufungia unga, nikakufungia karanga, nikakununulia shuka. Neno sikukupa. Nilidhani msomi hahitaji neno la mtu wa darasa la tano. Basi ndilo hili, limechelewa kama mvua za mwaka ule.

Pamoja na barua hii mama yako anakuletea masuke mawili ya uwele, wa ukoo uleule wa kwenye ghala la Mzee Yeremia. Yaning'inize juu ya kitanda chako. Mwenzako akikuuliza ni ya nini, mwambie ni mbegu, haipikwi.

Mungu aliyetulea sisi wanne bila wazazi akulee na wewe. Akipenda kuja leo, akukute umeinama kwenye kazi yako na mikono ina udongo. Akikawia, akupe mvua kwa wakati wake, akupe na watoto wa kuwaambia neno kabla mgeni hajawaambia lake. Amina.