Sahani ya Lengalenga Mbele ya Mukubwa wa Komini

Wenye diploma wamejaa hii kartie, lakini wamama wa parokia wamekuja kunisumbua minye mzee, wanayeniita Koko, mwenye kuandika jina lake kwa jasho, eti niandike habari ya Georgette kwa sababu nilikuwa pale. Watu wengi walikuwa pale. Haya, nitaandika, ila asikuje mtu kunirekebisha. Namna nitakavyosema ndiyo namna ilivyokuwa.

Georgette ni jirani yangu tangu aolewe. Ni mwanamke mrefu, wa maneno machache, na akitembea anaangalia chini kama mtu aliyeangusha sindano. Anaangalia udongo. Bustani yake ilikuwa chini ya mahali pa kufulia nguo, kando ya garaje moja ya zamani iliyofungwa. Kiangazi kikikaza, mboga za wengine zinakuwa rangi ya tumbaku, lengalenga zake zinang'aa tu. Watu walisema ana dawa. Nilienda kuangalia, maana minye nikiwa na jambo nisilolijua chakula hakishuki. Dawa yenyewe ilikuwa maji ya sabuni. Alichimba kamfereji, maji ya wafuaji yanashuka, yanatulia katika shimo la mchanga, ndipo anamwagilia. Basi. Mume wake Kizito mgongo ulimshinda tangu aumie katika mafuriko, kwa hiyo nyumba nzima ilikaa juu ya hiyo bustani: chumvi, masomo ya watoto, hata bati.

Sasa komini, serikali yetu ya hapa, ikapata msaada wa proje, wa kutosha kazi moja tu, si mbili. Vita ikaanza. Bonaventure, fundi wa maji wa komini, kijana wa Bukavu mwenye viatu safi, alitaka wajenge bwawa la kukusanya maji ya kufulia, bustani zote za kartie zipate kunywa. Anne, mzalishaji wetu wa wamama, alitaka wachimbe ule udongo mweusi nyuma ya garaje, mahali walipomwaga mafuta machafu ya magari miaka na miaka. Kisima cha Anne kiko kwenye mteremko, chini ya garaje. Mvua ikinyesha, maji yanatoka na rangi kama shingo ya njiwa.

"Kunywa basi weye," Anne akamwambia Bonaventure, tena njiani, mbele ya watu. "Minye napokea watoto kwa maji haya."

"Mama Anne, ule udongo mukiuanza hamutaona mwisho wake. Na kiangazi iko mlangoni. Watu watakula nini?"

"Watakula nini? Watakula wazima, kwanza."

Kwa Georgette mambo yalikuwa wazi. Bwawa likijengwa, bustani yake inakuwa ya mfano. Wakichimba, inaondoka, kwa sababu weusi ule ulikuwa umeingia hata chini ya matuta yake.

Asubuhi ya mkutano wa kuchagua kazi moja kati ya hizo mbili, nilimkuta anapika lengalenga na ndagala, vile visamaki, na mafuta ya mawese bila huruma.

"Unapikia nani hivi?"

"Mukubwa wa komini, Koko. Akikula mboga yangu, Anne atanyamaza."

"Na mawese hii yote, hata ukipika kandambili atakula."

Hakucheka. Alifunika sahani na kitambaa, tukaenda.

Kwenye mkutano watu walisema sana, mimi nitaruka. Zamu ya Georgette ikafika. Aliweka sahani mbele ya mukubwa, akasema, "Hii imetoka bustani yangu. Mukule, ndipo museme kama iko na ubaya."

Mukubwa alipangusa mikono lakini hakugusa kijiko. Alingoja. Sisi wa huku tunajua anangoja nini. Kitu cha kupana bure, mwenye kukitoa anakionja kwanza mbele ya macho ya mgeni, hata ikiwa ni pombe ya kasiksi unampa ndugu ya tumbo moja. Kuonja ni kuapa. Ya soko haiko hivyo: mtu ananunua, anabeba, anajua mwenyewe. Na Georgette miaka yote alikuwa anauza. Mtu wa nje hakuwahi kupewa bure kitu cha bustani ile.

Akachukua kijiko, akaonja, akameza. Mukubwa akanyoosha mkono. Georgette hakuachilia sahani.

"Lete basi, mama, harufu imenifikia."

"Amesikia utamu, anataka kumaliza peke yake," mwanaume mmoja akasema nyuma, watu wakacheka.

Georgette akakaa chini na sahani juu ya magoti. Bonaventure akainama karibu naye. "Mama Georgette, kuna nini? Iko na ladha ya mafuta ya gari?"

"Hapana."

"Basi iko na nini?"

"Sijui iko na nini."

"Lakini umeonja."

"Nimeonja. Sijui."

Nilitazama Anne, nikifikiri atashangilia. Alikuwa anaangalia dirisha. Minye nikashindwa kuvumilia. Nikaenda, nikachota kwa vidole bila bugali. Mawese, ndagala, pilipili. Kitu kingine sikukisikia, na ulimi wangu haujazeeka. Lakini mukubwa alikuwa ameshairudisha mikono mfukoni. Alipouliza nani anataka wachimbe, mikono ikapanda mingi. Na wangu, ambao nilikuja nao kwa ajili ya bwawa, nikauona uko juu.

Njiani nikamshika. "Ulisikia nini mudomoni?"

"Ndagala."

"Usinichezee, minye ni mukubwa kwako."

Tulipovuka mfereji akanigeukia. "Koko, nilipomeza niliona mkono wa mukubwa unakuja. Nikajiuliza, akiniuliza kama ni safi, nitajibu nini? Kule sokoni hakuna mtu aliyeniuliza. Na minye mwenyewe sijajiuliza."

"Lakini watoto wako wanakula kila siku."

"Ndiyo hiyo," akasema.

Mashine ilikuja, ikabeba garaje, ikabeba na matuta. Georgette alisimama pale kutwa. Alimuuliza dereva wa lori ule udongo wanaupeleka wapi, dereva akaelekeza kwa midomo, upande wa bonde. Siku hizi Georgette ananunua lengalenga za wamama wa Mutarule, kule bondeni, anaziuza sokoni, faida ni kama mate. Kila fungu ananusa, anauliza lililimwa wapi, udongo gani, na wale wamama wanamtukana. Maji ya kisima cha Anne yalipelekwa Bukavu kupimwa. Jibu halijarudi. Kama bustani ile ilikuwa na sumu au haikuwa, hakuna anayejua.

Lakini udongo hauyeyuki. Lori lilijaa, likarudi tupu. Weye unayesoma hii, una macho na una miguu: nenda komini, usiogope viatu vyao, uliza ule udongo mweusi walimwaga wapi na nani analima pale leo. Halafu uje uniambie. Nyumba yangu iko nyuma ya parokia, mlango wa buluu, na asubuhi niko.