Mama Hakujikuna

Mama yangu nusura afe ufukweni, mchana kweupe, mbele ya wanawake zaidi ya ishirini, kwa sababu hakutaka kujikuna. Nikisimulia hivyo watu hudhani nafanya utani. Sifanyi utani. Ningekuwa nafanya utani ningechagua jambo jingine.

Lazima nianze na mkonge. Mama alizaliwa kwenye kambi ya shamba moja la mkonge upande wa Korogwe. Babu alifika hapo kijana kutoka Njombe, akakata mkonge mpaka mgongo ukakataa. Mama naye alipokua akaingia kazi ya kuanika: kupokea nyuzi zikiwa mbichi, zinachuruzika maji, na kuzitandaza kwenye nyaya zikauke juani. Maji yale ya mkonge yanawasha. Yanawasha mikono, shingo, na ndani ya viwiko. Mtu mpya kazini alijikuna kutwa, ngozi ikachubuka, kesho yake maji yakaingia kwenye michubuko, ikawa balaa juu ya balaa. Wazoefu walijua kwamba ukitulia, muwasho unachoka wenyewe. Hiyo ilikuwa akili ya kazi na siikatai.

Tatizo ni kwamba akili ya kazi iligeuka kuwa sifa. Pale kambini, aliyejikuna aliitwa mgeni. Mnyapara alimwita hivyo, wenzake wakamwita hivyo, na jina likamganda. Hata sisi watoto, tuliozaliwa palepale, tukiumwa na mbu tukapeleka kucha, mama alitupiga jicho na kuuliza, "Nani kaniletea wageni humu ndani?" Nilikua nikiamini kujikuna mbele ya watu ni utovu wa adabu, kama kula huku unatembea njiani. Yeye mwenyewe alikuwa na namna yake. Muwasho ukimzidi, aliketi chini, akaingiza viganja chini ya mapaja, akavikalia, na mazungumzo yakaendelea kama hakuna kitu.

Siku hizi mama anaishi Kerenge, analima mahindi na maharage. Mimi niliolewa Handeni, nina cherehani mbili na ulimi mrefu, ndivyo anavyosema mume wangu. Mama yumo kwenye kikundi cha wanawake cha kuzikana na kusaidiana, wengi wao watoto wa kambi kama yeye, Waislamu kwa Wakristo. Kila mwaka baada ya mavuno wanakodi basi dogo, wanavaa sare, wanakwenda kushinda baharini Tanga. Safari hii sare za kitenge nilizishona mimi, kwa hiyo na mimi nikapewa kiti.

Tulifika mapema, bahari imejaa. Wanawake waliingia majini na sare zao, nikabaki nimesimama naziangalia kazi za mikono yangu zikilowa chumvi. Mama hakuingia. Alitandika khanga kivulini pamoja na shoga yake, mama mmoja ambaye walianika mkonge pamoja bega kwa bega miaka na miaka. Mimi humwita mama mdogo.

Pembeni kulikuwa na muuza pweza na jiko lake la mkaa. Nilijua kwamba mwaka uliopita mama alionja pweza kwa mara ya kwanza, maana lilikuwa ndilo simulizi lake la safari nzima, jinsi mtu wa mkonge alivyotafuna mdudu wa baharini mwenye mikono minane. Nikamnunulia bakuli la supu, lenye minofu ya kutosha, nikampelekea kwa mikono miwili.

"He!" mama mdogo akasema. "Hiyo ni supu ya wanaume, mwenzangu. Unamtafuta nani ufukweni?"

"Nikimpata utapewa taarifa," mama akajibu.

Tukacheka. Kabla ya kupeleka kijiko mdomoni mama alisita kidogo, nikamwona. Nikadhani ni aibu ya ule utani. Kisha akala, akamaliza, akanishukuru.

Haukupita muda tukasikia kelele kutoka majini. Wanawake wawili wa kikundi, wale vijana vijana, walitoka mbio wakiruka mguu mmoja mmoja. Kitu fulani cha uteute kiliwagusa kwenye miguu, na ngozi ilikuwa imechora mistari myekundu. Walijikuna kwa mikono miwili, bila haya, huku wanalia na kucheka. Kule kwetu mtu akiguswa na upupu shambani hupakwa jivu, basi mwenzao mmoja akakimbilia kwa muuza pweza kuomba jivu la jikoni. Wakapakwa jivu juu ya mchanga, mchanga juu ya chumvi. Muwasho ukaongezeka. Walivyokuwa, ungesema wametoka kuzoa majivu ya karamu.

Hapo ndipo nilipofungua ulimi wangu mrefu. Nikapaza sauti ufukwe mzima usikie: "Wageni hao! Jamani, kambi imepata wageni!"

Watoto wote wa kambi walielewa. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mama naye alicheka. Nilijisikia hodari sana.

Nilipogeuka kumtazama tena, alikuwa amekalia mikono yake.

Niliona, na sikufanya kitu. Huo ndio ukweli na siwezi kuupaka rangi. Nilifikiri ni mazoea tu, ameketi alivyozoea kuketi. Nikaendelea kuwashauri wale wenye jivu waliondoe. Ni mama mdogo aliyeniita. Hakuita kwa kelele. Alisema tu, "Mwanangu, hebu njoo. Mama yako nimemuuliza kitu mara mbili, hajibu."

Nikaenda, nikachuchumaa mbele yake. "Mama, vipi?"

"Salama tu."

Sauti haikuwa yake. Ilikuwa nzito, kama inapita kwenye kitambaa. Mdomo wa juu ulikuwa umejaa.

"Kuna kinachokuwasha?"

"Hakuna."

Nikapandisha mkono wa gauni, ule nilioushona mimi mwenyewe wiki iliyopita na sasa ulikuwa unambana. Kuanzia kiwikoni kwenda juu ngozi ilikuwa mabaka matupu, yamevimba, yameungana, hata pa kuweka kidole hakuna. Nikasikia kifua chake kikipiga mluzi. Mmoja akasema apewe maziwa. Mwingine akaja na jivu lililobaki. Nilimfukuza kwa maneno ambayo mpaka leo sijamwomba radhi. Niliogopa. Niliogopa kuliko siku baba alipofariki, maana baba aliugua tukamzoea, na huyu alikuwa anakula supu sasa hivi.

Dereva alikuwa amelala ndani ya basi na miguu dirishani. Tulimwamsha kwa kupiga bati. Mimi na mama mdogo tulimpandisha mama, basi zima kwa ajili ya watu watatu, tukaenda kwenye kituo cha afya kilichokuwa jirani. Njia nzima nilikuwa nauliza kama koo linabana, naye anatikisa kichwa kwamba hapana.

Tulipokelewa na daktari kijana, kwa umri angeweza kuwa mjukuu wake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba," mama akajibu, na lile neno likatoka limekatika katikati.

Akamkalisha kitandani, akaweka kipimo kifuani, akamtazama ngozi. Muuguzi alikuwa tayari anafungua kabati. "Mwili unakuwasha, bibi?"

"Hapana, baba. Ni joto tu la huku pwani."

"Koo je? Linabana?"

"Hapana."

Daktari akanigeukia mimi, kisha akamrudia. "Bibi, nisikilize. Kama ni ngozi peke yake, dawa yake ni nyingine. Kama na koo linafunga, nakuchoma sindano sasa hivi. Hiyo sauti ndivyo ilivyo siku zote?"

Na mama yangu, mtu asiyekosa ibada, akaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo.

Sijawahi kumpigia mama kelele, si kabla wala baada. Siku hiyo nilipiga. "Mama! Hapa hakuna mnyapara! Hakuna mtu wa kukuita mgeni! Sema!"

Mama mdogo, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaziba mdomo kwa upande wa khanga. Mama alinitazama, kisha akainuka kidogo na kutoa mikono chini ya mapaja. Hata pale kitandani alikuwa ameikalia. Vidole vilikuwa vimevimba, pete ya ndoa imezama kwenye nyama.

"Inawasha," akasema. "Mwili mzima unawasha. Na koo linafunga, mwanangu."

Sindano ilimwingia pajani kabla sijamaliza kusikia. Wakamwekea hewa puani, wakamlaza, miguu juu. Nilishika unyayo wake kwa sababu ndio pekee usiokuwa na kazi ya daktari. Mluzi wa kifuani ulipungua taratibu. Sauti ilirudi, na neno la kwanza lilikuwa kumuuliza mama mdogo kama mkoba wake haujabaki ufukweni. Nilitoka nje nikalia nimeegemea ukuta, kisha nikanawa uso nikarudi ndani.

Daktari alitueleza kuwa huo ni mzio, kwamba pweza na mwili wa mama hawapatani, asile tena maishani. Akauliza kama amewahi kula kabla ya leo.

"Mwaka jana," mama akasema.

"Ikawaje?"

Akalikunja pindo la gauni. Kisha akasema, "Midomo ilivimba. Niliwaambia wenzangu ni upepo."

Nilikasirika. Daktari alipotoka nikamwinamia. "Ulijua. Sasa kwa nini umekula?"

"Si uliniletea wewe," akasema. "Kutoka Handeni umekuja, umenishonea nguo, umeniletea chakula mbele ya wenzangu. Nikatae?"

"Na ulipoanza kuwashwa? Nilikuwa hapo hapo, hatua tatu!"

Aligeuza uso ukutani. "Ulikuwa unawacheka wale."

Nilivuta kiti, nikakaa, nikamvua pete kwa sabuni ya muuguzi, polepole, nisimuumize.

Walimweka chini ya uangalizi mpaka laasiri. Basi lilikuwa limerudi kuchukua wengine, wakaja wote na sare zao zimekakamaa chumvi, wakajipanga dirishani kumpa pole. Wale wawili wa jivu walikuwa bado na mistari miguuni. Niliwaomba msamaha. Walisema wamesahau, lakini niliona hawajasahau.

Tulipoondoka mama alikaa kiti cha dirishani, mama mdogo kando yake, mimi nyuma yao. Hakuna aliyeimba. Tulikuwa hatujafika Muheza nilipoona bega la mama likitembea. Nikanyanyuka kuchungulia. Alikuwa anajikuna. Alianza na kiwiko, kwa ncha za vidole, kama mtu anayejaribu maji. Kisha akapandisha mkono wa gauni mpaka begani, akajikuna kwa kucha, mbele ya basi zima, na macho amefumba. Daktari alikuwa amesema mabaka yatachukua muda kwisha na asijichubue. Sikumkataza.

Wanawake wote waligeuka kutazama. Walikuwa wanajua wanachokiona.

"Mgongoni sifiki," mama akasema.

Mama mdogo akaingiza mkono kwenye shingo ya gauni lake, akamkuna, chini, juu, kushoto, pale alipoelekezwa. Alimkuna muda mrefu. Kisha akautoa mkono, akageuka kwenye kiti, akampa mgongo wake yeye, ambao haukuwa na mzio wala kipele.

"Na mimi," akasema. "Hapo katikati. Tangu tukiwa wasichana."

Mama akamkuna mpaka Korogwe.