Eksteno Iliyopotea Kwenye Arobaini ya Mama

Nianze kwa kukiri ili tusizungushane: mtu aliyeshika maiki kwenye arobaini ya mama yake mzazi, mbele ya shehe na wakwe na majirani wote wa Kihonda, akatangaza kwamba ndani ya ua ule kuna mwizi na geti lifungwe asitoke mtu, ni mimi. Aliyefunua sufuria la pilau kwa mikono yake akitafuta mali iliyoibwa, pia ni mimi. Mnaweza kucheka sasa hivi mkamaliza, au mkasubiri kidogo, maana yapo mengine mbele.

Kwa asiyenijua, miguu yangu haitulii. Nilimaliza kidato cha nne nikaaga nyumbani kwamba naenda Kilombero wiki mbili tu kutafuta kibarua cha miwa, na zile wiki mbili zikawa miaka ishirini na kitu. Nimekata miwa, nimepakia mizigo stesheni ya Ngerengere, nimelinda ghala Tanga, nimeuza viatu vya mtumba Mwanza, na kila mahali nilipolala siku tatu nilianza kupakumbuka kabla hata sijaondoka (ndivyo nilivyoumbwa, msiniulize). Kwa hiyo nilikuwa napiga picha kila chumba nilichopanga, kila mlango, kila mama lishe aliyenikopesha chai, na vyote nikaviweka kwenye laptopu yangu kuukuu, ambayo bawaba yake moja ilishakufa nikaifunga kwa mpira wa tairi la baiskeli.

Na humo ndimo alimokuwa mama. Sauti yake. Mwaka mmoja kabla hajafariki nilirudi nikakaa naye wiki nzima kijijini, upande wa Kinole, nikawa namrekodi barazani huku akipeta mchele: jinsi bibi alivyomshusha mlimani mgongoni mwaka wa njaa, majina ya wanawake wa ukoo wetu mmoja mmoja kurudi nyuma, nyimbo za kutwangia. Rekodi ya saa tatu na dakika kadhaa. Hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa na sauti ile, na mimi mwenyewe tangu tumzike sikuwa nimeisikiliza. Nilikuwa nikilifungua lile folda, naliangalia, nalifunga.

Wiki ya arobaini akapiga simu Mama Mdogo Mwanahawa, ndiye mdogo wake mama, aliyemwachia ziwa. Siku ya maziko mvua ilikuwa imekata barabara ya mlimani, hivyo hakuweza kushuka Kihonda kumzika dada yake, na jambo hilo lilikuwa limemkaa kifuani.

"Mwanangu, nasikia unayo sauti ya dada."

"Ninayo, mama."

"Basi nashuka. Pilau yenu kuleni wenyewe. Mimi nataka kumsikia tu."

Nikaona isiwe tabu, nikaipeleka laptopu mjini kwa fundi, dada mmoja anaitwa Neema, ana kibanda cha kompyuta karibu na soko. Akaiwasha, akaitegea sikio kama daktari. Ndani mlikuwa na mlio, kre-kre-kre, kama panya anayetafuna gunzi.

"Kaka, diski yako inakufa. Hamishia vitu vyako kwenye eksteno leo. Leo, siyo kesho."

Akaniuzia hiyo eksteno, diski ya pembeni, kijisanduku cheusi ukubwa wa kipande cha sabuni ya mche, kina waya mfupi wa kuchomeka. Nilipokuwa natoka akaniita tena. "Kaka! Unanakili, hukati. Ukinakili, kitu kinabaki pale na kinakuwepo huku. Ukikata, kinahama, pale hakibaki kitu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Hatukuelewana.

Kwanza nilianza kazi hiyo asubuhi ya arobaini yenyewe (mtu mzima anaambiwa leo, anafanya keshokutwa), katikati ya ua wa dada yangu Mwajuma, juu ya stuli pembeni ya spika ya shehe. Nilisema ni kwa sababu waya wa umeme uliishia pale. Ukweli ni kwamba nilitaka watu waone kuwa miaka yote ile sikuwa napotea bure, nimerudi na utaalamu. Mbele yangu yakaja maneno mawili, Nakili na Kata, nikayaangalia, nikajiambia: mimi ni mtu wa kuhama, na mtu akihama nyumba habebi godoro halafu akaacha godoro lile lile nyuma, ukihama umehama. Nikabonyeza Kata.

Uamuzi wenyewe ndio huo, haukuchukua hata nusu dakika.

Ule mstari wa kijani ukawa unatambaa huku watu wanajaa. Mama Mdogo alifika na bodaboda, ana mkungu wa ndizi na kanga mpya, nikamwamkia shikamoo, akakataa kiti, akakaa mkekani pembeni kabisa ya spika "ili niwe karibu naye." Upande wa masufuria alikaa Mama Zuhura, Mzigua wa Turiani, shoga yake mama tangu usichana, na tangu afike alikuwa anatusema bila kupumzika. "Jamani waangalieni hawa Waluguru, tambarare yote hii bado wanatembea wanainua magoti kama wanapanda mlima!" Nikamnong'oneza Mwajuma, huyu mama mbona hana adabu msibani? Mwajuma akasema, "Kaka, wewe umekaa sana huko." Sikumwelewa.

Kisomo kikaisha, mstari wa kijani nao ukafika mwisho. Nikakagua laptopu: tupu, safi, kama chumba kilichofagiwa. Eksteno imejaa. Nikajisikia mtu, nikaenda nyuma ya nyumba kunawa mikono, na niliporudi laptopu ilikuwa palepale, tundu liko wazi, eksteno haipo.

"Tayari, mwanangu?" Mama Mdogo akauliza.

"Bado kidogo, mama."

Nikatazama chini ya stuli, chini ya mkeka, nyuma ya spika. Nikawauliza wanawake wa jikoni, wakatazamana wakacheka. Nikamuuliza shemeji, naye akacheka. Nikamwomba mzee mmoja, mjomba wetu wa Kingolwira, nitazame kwenye mfuko wake (nilisema "nitazame" lakini mkono ulikuwa umeshaingia), nikatoa kofia, tambi za taa, na muhogo wa kuchemsha, na ua mzima ukacheka hadi nikahisi masikio yanaungua. Fikirieni: mama yangu nimemhamisha mwenyewe kwa kidole changu, nyuma sikubakiza kitu, dada yake amekaa pale anasubiri, na watu wanacheka. Nikalifunua sufuria la pilau. Sijui nilitegemea nini. Mvuke ukanipiga usoni, Mwajuma akapiga kelele, ndipo nikaishika maiki.

"Nasema hivi! Hapa ndani kuna mwizi! Geti lifungwe, hatoki mtu!"

Shehe wa mtaa, aliyekuwa anakunywa chai, akaweka kikombe chini taratibu akanyoosha miguu yake mbele, nikaona yuko peku.

"Bwana mdogo," akasema, "mimi viatu vyangu vimechukuliwa tangu saa tatu asubuhi. Umeniona nikishika maiki?"

Hapo ndipo ningetulia nikafikiri. Badala yake nikageuka kwa hasira nikimbilie getini, mguu ukanasa kwenye waya wa spika, stuli ikaruka, na laptopu yangu, iliyozunguka nami nchi nzima, ikapaa na mpira wake wa baiskeli ikatua kwenye beseni la kusuuzia vyombo. Ikatoa povu. Kre-kre-kre ya mwisho sikuisikia.

Sikulia mama alipofariki. Nililia pale, nimepiga magoti mbele ya beseni, namwambia Mama Mdogo, "Nisamehe, mama, nimempoteza, nimempoteza dada yako." Yeye alikuwa amegeuza uso, anamtazama Mama Zuhura.

Mama Zuhura akainuka, taratibu, kama mtu aliyeitwa kwenda kutoa hotuba. Akaingiza mkono kwenye pindo la kanga yake, akatoa kiatu kimoja cha shehe, akakiweka chini. Akatoa cha pili. Kisha akatoa kijisanduku cheusi chenye waya mfupi.

"Unatafuta hiki, Mluguru?"

Utani! Watani wetu Wazigua! Kitu ambacho kila mtoto wa Morogoro anakijua: kwenye msiba wako mtani anakusema, anakuchukulia vitu, na unavikomboa kwa anachotaka yeye, ndiyo heshima yake kwa marehemu. Ua mzima ulijua. Shehe alijua. Mimi nilikuwa nimekisahau huko nilikokuwa nakumbuka vyumba vya kupanga.

"Mpe, mtani, moyo utampasuka," akasema Mwajuma.

"Simpi! Na mnishukuru. Ningekiacha pale kingekuwa kinaoga sasa hivi na mwenzake." (Ndiyo, najua, asingekichukua nisingekimbia, na nisingekimbia hakuna ambacho kingeoga. Nimelifikiria sana jambo hilo. Msimwambie.) "Kwanza vaa kanga ya marehemu. Weka ungo kichwani. Halafu zunguka ua huu kama unapanda mlima kwenda kwenu, magoti juu, tuone. Na mwizi utamtaja kwenye maiki mwenyewe."

Nikavaa. Nikaweka ungo. Nikazunguka ua mara tatu naangusha ungo naokota, magoti juu, wanawake wanapiga vigelegele, mjomba wa Kingolwira ananihesabia hatua kwa muhogo wake. Mwisho nikaishika maiki, nikasema alichoniamuru: "Mwizi ni mimi, niliyejiiba kwetu miaka ishirini." Nilikisema nikicheka, lakini katikati sauti ilikatika kidogo, na naona wengi walisikia.

Mama Zuhura akanikabidhi eksteno kwa mikono miwili.

Mashemeji wakaileta televisheni ya Mwajuma barazani, tukaunga waya kwenye spika, tukachomeka eksteno nyuma. Tundu la kwanza halikuisoma. Mama Mdogo akafumba macho. Tundu la pili kataa kakawaka, majina ya mafaili yakajipanga, nikabonyeza, na kitu cha kwanza kutoka kwenye spika ya shehe kikawa ni mimi, kwa sauti nzito ya kujifanya: "Karibuni wasikilizaji, huyu ni mtangazaji wenu kutoka milima ya Uluguru..." Nikatamani beseni linimeze na mimi. Kisha mama: "Acha upuuzi wako, shika ungo huu."

"Dada!" Mama Mdogo akasema, kama mtu aliyefunguliwa mlango.

Mama akaanza kutaja wanawake wa ukoo, na Mama Mdogo akawa anamtangulia jina moja, mama anafuata, hadi wakafika kwa yule wa kwanza kabisa. Halafu mama akasema, "Na huyu mdogo wangu Mwanahawa ni mwongo, alikula asali ya baba yote akasingizia nyuki."

"Uongo!" Mama Mdogo akairukia spika. "Ni wewe ulikula! Mimi nilishika kibuyu tu!"

Watu walicheka hadi shehe akafuta macho kwa kilemba. Na ilipofika karibu na mwisho, pale ambapo sikuwahi kupasikiliza, mama akapeta mara mbili tatu, akasema polepole: "Siku yangu ikifika, watani zangu Wazigua wasikose. Na huyu mwanangu hatajua kitu, aliondoka nyumbani mapema mno. Mama Zuhura atamkimbiza huyu. Mtaona."

Sijawahi kusikia ua ukilipuka namna ile. Mama Zuhura alianguka mkekani, analia na kucheka kwa pamoja, anapiga mkeka kwa kiganja, "Umesikia! Umesikia shoga yangu!" na Mama Mdogo amemkumbatia, na mimi nimesimama katikati nimevaa kanga ya mama, mshindi.

Tangu siku ile sikati kitu, hata nyanya nakata kwa wasiwasi. Wiki iliyofuata nilirudi kwa Neema, nikamweleza yote, akacheka hadi akafunga kibanda, kisha tukanakili, tena yeye ndiye aliyeshika kipanya, mimi nimekaa juu ya mikono yangu. Nakala moja iko mlimani kwa Mama Mdogo, anaisikiliza kwenye televisheni ya jirani mwenye sola, na nasikia bado wanabishana kuhusu asali. Ya pili iko kwa Mwajuma. Ya tatu nilimpelekea mwizi mwenyewe Turiani, akaifunga kwenye pindo la kanga yake bila kuniuliza ni ya nini, na katika nchi yote hii niliyoizunguka sijaona mahali salama zaidi ya pale.