Koti la Siku ya Mashujaa

Tangu alfajiri nilikuwa nimekaa kibarazani, koti nimelivaa, medali nimeing'arisha kwa majivu. Kila Siku ya Mashujaa gari la serikali huja kunichukua hapa Kitete, kwa kuwa mimi ndiye ninayeweka upinde na mishale kwenye mnara wa mashujaa kwa niaba ya wazee. Vita vya Kagera nilikwenda nikiwa mgambo, kijana wa kutoka Puge. Nilirudi sikio moja limekufa. Matibabu waliyoniahidi sikuyaona, na nilishaacha kuulizia. Kilichobaki kati yangu na serikali ni ule upinde, mara moja kwa mwaka.

Gari halikuja. Uji ukapoa. Mke wangu akaniambia nivue koti, jua limekuwa kali. Nikamfokea: "Koti langu, jasho langu, wewe kinakuuma nini?"

Mara redio ya jirani ikatangaza kwamba mwakilishi wa wazee ameshaweka upinde na mishale. Basi. Sikuona hasira wala aibu. Nilikufa ganzi tu, kama mguu uliokaliwa.

Jirani huyo ni mama wa Kigogo, mtani wangu. Utani wetu ni wa tangu babu zetu Wanyamwezi wakipita Ugogo na mizigo ya misafara kwenda pwani, na msibani mtani ndiye mchekeshaji. Akaniona na koti langu, akajifunga khanga kiunoni, akajitupa chini uani kwangu.

"Uwiii! Mnyamwezi wangu kafa! Serikali imemzika kimyakimya, hata ubwabwa hatukula! Mlafi huyu, jamani, michembe ya viazi sasa ataimaliza nani?"

Mke wangu akacheka mpaka akashika ukuta. Nami nilitaka kucheka, mdomo ukagoma.

"Vitani karudi mzima," mtani akaendelea, "kaja kufia kibarazani akingoja gari..." Sauti ikakatika. Akajifunika uso kwa khanga, mabega yakitikisika. Analia kweli. Mtani halii, jamani!

"We Mgogo, unaharibu," nikamwambia. "Kazi yako kuchekesha."

"Nimeshindwa, mtani."

Tangu nirudi vitani, yeye ndiye mtu wa kwanza kunililia, nami sikuwa na hata chozi la kumsaidia. Nikavua koti, nikampa mke wangu alirudishe sandukuni. Nikamwambia safari hii asiliwekee dawa ya wadudu.